Beardsley au Kubin: mstari wa nani?

Katika michoro ya ishara, yaani ile inayosema jambo kwa mafumbo, ya kalamu na wino, nimejifunza kwa wachoraji hawa wawili. Aubrey Beardsley, Mwingereza aliyefariki mwaka 1898 akiwa na miaka 25 tu, aliiacha karatasi nyeupe iseme: mstari mmoja mwembamba, kisha eneo zima jeusi ti. Ukikosea, kosa linaonekana toka mlangoni. Alfred Kubin wa Austria (1877–1959) ni kinyume chake. Vistari vyake vinapandana na kusongamana hadi giza linajijenga polepole, na majinamizi yanajificha humo. Huyu angalau anausamehe mkono unaotetemeka, kama wangu. Nilianza na Beardsley, nikivutwa na urembo. Siku hizi, nikichora hofu au kifo, namfuata Kubin. Urembo, kama wa tausi, bado namwachia Beardsley.