K-PAX: tumemtazama pepo, tumemsahau kiti

Onyo kabla ya lolote: naieleza filamu hii mpaka mwisho wake. Kasoro yake kubwa imo katika nusu saa ya mwisho, na haielezeki kwa mafumbo. Ambaye hajaiona na hataki kuharibiwa uhondo, aruke mpaka kwenye aya za ukuta na projekta huko chini.

Ilitoka 2001, imeongozwa na Iain Softley kutokana na riwaya ya Gene Brewer ya 1995, na yachukua kama saa mbili. Kevin Spacey ni Prot, mtu anayechukuliwa na polisi katika stesheni ya treni ya Grand Central, New York, miwani ya jua machoni, akidai kwao ni sayari iitwayo K-PAX. Anaishia hospitali ya wagonjwa wa akili mikononi mwa Dkt. Mark Powell, ambaye ni Jeff Bridges. Basi. Hakuna visahani virukavyo wala bunduki za miale. Kwa sehemu kubwa ni watu wawili chumbani, wanasemezana, na mmoja wao anakula ndizi pamoja na ganda lake. Anayetaka mbio na milipuko atasinzia kabla ya saa ya kwanza kwisha, na wala simlaumu.

Mimi naipa 7 kwa 10. Ingefika 9 lau ingemjali mtu mmoja ambaye imemtupa kando, nami nitamfikia.

Mazungumzo mengi juu ya filamu hii huenda njia mbili: ama Prot ni mgeni wa kweli kutoka angani, ama ni mgonjwa. Ionyeshe Lamu au Malindi, hazitapita dakika 20 kabla ya mtu wa safu ya nyuma kutoa jibu la tatu: "Huyo kapandisha," yaani kapandwa na pepo. Watu hucheka. Mimi sicheki, maana jibu hilo laifungua filamu kuliko hayo mawili ya kwanza.

Chukua mahojiano ya Powell na Prot, uyaweke kando ya maswali ya fundi wa ngoma ya pepo. Wewe nani? Watoka wapi? Umekuja kufanya nini? Wataka nini? Utaondoka lini? Pepo wetu ana jina, ana kwao na kabila lake, Mhabeshi, Mmasai au Mwarabu, ana lugha yake, na ana vyakula avipendavyo, ndipo akatengewa chano. Prot hana alichopungukiwa hapo. Matunda ya dunia hii anayasifu kana kwamba hayo peke yake yamelipa nauli ya safari nzima. Siku yake ya kuondoka ameitaja mapema: tarehe 27 Julai, alfajiri. Na Powell, msomi wa New York asiyejua ngoma wala ubani, anaishia kufanya kazi ya fundi: anaacha kubishana na mgeni, anazungumza naye kwa heshima, ili kupitia kwake amfikie mwenye mwili.

Mwenye mwili ndiye kiti. Hapa kiti ni Robert Porter, mfanyakazi wa machinjio kutoka mji mdogo wa New Mexico, aliyerudi nyumbani akakuta mkewe na binti yake wameuawa, akamuua muuaji kwa mikono yake, kisha akaenda kujitosa mtoni. Siku yenyewe ilikuwa 27 Julai. Sisemi kwamba waandishi walikuwa na pepo akilini, wala siingii katika ugomvi wa masheikhe na waganga. Nasema kwamba mtu aliyekulia pwani ana neno tayari la kitu ambacho filamu yahangaika nacho saa mbili, na akilitumia neno hilo ataona mapema kuliko wengine swali lenyewe ni lipi: si "Prot ni nani?" bali "kiti ana hali gani?"

Ushahidi umepimwa kwa mkono wa sonara. Upande wa mgeni: Prot anawekwa mbele ya wanaastronomia, anawachorea njia ya sayari yake kuzunguka jua mbili, na michoro inalingana na hesabu zao. Macho yake yanaona miale ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni. Upande wa mgonjwa, ishara iliyotegwa vizuri kuliko zote ni maji. Powell anamwalika nyumbani kwake sikukuu ya 4 Julai, nyama iko motoni, watoto wanabembea. Mashine ya kunyunyizia nyasi inafunguliwa, na Prot, ambaye tangu mwanzo hakuna kilichomtikisa, anapandwa na wahka. Mara ya kwanza utadhani ni kituko cha kuchekesha. Ukiitazama mara ya pili, acha uso wa Prot, fuata maji kila yanapotokea, toka bustani ile mpaka bustani ya nyumba ya Robert na mto. Utashangaa umepitwa na nini.

(Daktari anayempeleka mgonjwa wa wodi nyumbani kwake, katikati ya wanawe, angeitwa ofisini asubuhi yake. Filamu hailioni kosa hilo kuwa zito. Tuendelee.)

Watu hubishana sana kuhusu dawa. Prot amekwisha kupewa dawa kali za kutuliza akili na hazikumgusa. Wengine wanalichukua hilo kuwa dalili ya ugeni wake. Sivyo. Dawa za kundi la klopromazini, ambazo wauguzi wetu wengi bado huziita Lagaktili, hupunguza kazi ya dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe katika ubongo. Zinafaa kwa anayesikia sauti zisizokuwapo au aliyeshikwa na dhana kwa sababu ya skizofrenia. Robert shida yake ni nyingine: akili imejigawa ili isiyaone yaliyotokea. Kujigawa kwa namna hiyo hakuna kidonge cha kukuunganisha. Tiba yake ni mazungumzo ya muda mrefu na mtu aliyefunzwa. Kwa hiyo dawa kushindwa ni ushahidi wa ubinadamu wake, si wa sayari yake. Kitu kisicho cha kweli ni kuonekana kama hazikumfanya lolote. Dozi ya miligramu 300 kwa siku ingemtia usingizi, kinywa kingemkauka, na ngozi yake isingevumilia jua. Prot anatembea mwepesi kama aliyetoka kuoga.

Kisha usingizi wa kuongozwa, ule ambao Powell anamlaza kwa sauti ili amrudishe nyuma ya miaka. Vikao hivyo ndivyo nguzo ya katikati ya filamu, na Spacey humo yuko kileleni: sauti inabadilika, mabega yanashuka, na unamwona mtu mwingine akichungulia. Lakini mtazamaji asitoke hapo akidhani njia hiyo ni ufunguo wa kasha la kumbukumbu. Mtu aliye katika usingizi wa namna ile hukubali kuelekezwa. Aweza kuunda jambo lisilotokea na akatoka akiliamini kuliko yale yaliyotokea kweli. Alilolifanya Powell vizuri, na watazamaji wachache hulitaja, ni kwamba hakuridhika na aliyoyasikia katika vikao hivyo. Alisafiri mpaka New Mexico, akaingia katika nyumba, akaulizia. Hapo ndipo daktari alipokuwa daktari.

Sasa nusu saa ya mwisho. Alfajiri ya 27 Julai inafika, mwanga unajaa chumbani, na Prot ameondoka. Anayebaki ni Robert, ameganda: hasemi, hatazami, yumo katika kiti cha magurudumu. Mgonjwa mmoja, Bess, yule asiyesema neno, haonekani tena hospitalini, na filamu inatuachia mwiba huo kwa makusudi ili tuendelee kubishana. Wanabishana kweli. Wote wanamzungumzia Prot na Bess. Powell naye anapatana na mwanawe mkubwa ambaye walikuwa hawasemezani, muziki unapanda, tunafutwa machozi. Robert je? Anasukumwa kwenye kiti kama kanzu iliyoachwa na mwenyewe.

Kuganda kwa mwili namna hiyo kunatibika. Kwa kawaida hujaribiwa lorazepamu, miligramu 1 au 2 kwa sindano, na wengi huanza kusogea ndani ya saa chache. Ikishindwa, kuna tiba ya umeme, ambayo watu huiogopa kwa jina la shoti lakini hufanywa mgonjwa akiwa ametiwa nusukaputi. Asiyetibiwa hupata vidonda vya kulala, damu huganda miguuni, huishiwa maji mwilini, na aweza kufa. Filamu iliyotumia saa moja na nusu kumtafuta Robert ilipompata ikamwona si mzuri wa kutazama kama mgeni wake. Kwenye ngoma, pepo akishashuka, kila jicho humgeukia kiti: apewe maji, afunikwe, aulizwe kama amejua alipo. Hata fundi mbaya hulijua hilo.

Wagonjwa wengine wamechezwa vizuri kuliko walivyoandikwa. David Patrick Kelly kama Howie ndiye ninayemrudia: Prot anampa kazi ya kumtafuta ndege wa buluu, naye anakaa dirishani akisubiri mpaka ndege anapotokea na wodi nzima inaripuka kwa furaha. Kazi kama hiyo, ndogo, ya kila siku, yenye kumtoa mtu ndani ya kichwa chake, ni tiba halisi, na haina uhusiano wowote na sayari. Habari ya ndoa ya Powell imepachikwa tu.

Elimu ya nyota ipite haraka. K-PAX inatajwa kuwa upande wa kundi la Lyra, umbali kama wa miaka 1,000 kwa mwendo wa nuru, yaani kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Wakati ule sayari yenye jua mbili ilionekana ni ndoto ya waandishi. Mwaka 2011 darubini ya Kepler, iliyokuwa ikilitazama eneo la Lyra na jirani yake Cygnus, ikatoa Kepler-16b, inayozunguka jua mbili upande wa Cygnus. Haithibitishi lolote juu ya Prot, ila mabishano ya mabarazani yaliongezeka chumvi.

Kuitazama sasa. Picha yake ni pana kuliko runinga za kawaida, kwa hiyo utaona mistari myeusi juu na chini. Iache. Wengi hubonyeza kitufe cha kukuza ili kioo kijae, na hapo robo nzima ya picha inakatwa ubavuni. Filamu hii hupenda kumweka daktari pembeni kabisa na mgonjwa pembeni ya pili; ukikuza, utasikia mtu akizungumza na pua ya mwenzake.

Kwa projekta, shuka halifai msimu wa kusi. Upepo unalitikisa na nyuso zinapinda. Kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, chenye ukuta uliopakwa chokaa ni bora: kimezungukwa, upepo hauingii sana, na sauti inarudi. Zima taa zote, kwani matukio mengi ya wodini yana giza lenye mwali mmoja wa dirisha, na balbu moja ya jirani inatosha kuyaua. Spika iwe mbele chini ya ukuta, si nyuma ya watu. Filamu ni ya maneno, na Bridges hunong'ona.

Ukipata nakala yenye maandishi ya Kiswahili, kagua kwanza saa ya Prot ya kuondoka. Ni saa kumi na moja na dakika 51 alfajiri. Mfasiri aliyenakili tarakimu kama zilivyo ataandika saa tano na dakika 51 asubuhi, karibu na adhuhuri, na mwisho mzima utaonekana hauna maana: mgeni anayesafiri na mwali wa nuru anaondoka jua likichomoza, si wakati watu wanapika mchele.

Watoto chini ya miaka 13 wasiwepo. Hakuna mambo ya chumbani ya kuona haya mbele ya wazee, lakini mauaji ya mama na mtoto, japo yanaonyeshwa kwa vipande, yanakaa kichwani.

Mwishoni kuna majina yanayopita. Usizime, kuna picha moja ya Powell na darubini baada yake. Ukianza saa mbili unusu baada ya Isha, siku za mwisho za Julai, itakwisha kama saa nne unusu. Panda darini; ukiwa Lamu, weka mgongo upande wa kijiji cha Shela, yaani kusini, uso kaskazini. Nyota kali nyeupe iliyo nusu ya njia kati ya upeo na utosi ni Vega, kubwa ya kundi la Lyra, na saa hiyo ndiyo huwa juu kabisa. Kusi likileta wingu, subiri dakika kumi, hupita.