Kitabu gani cha miungu ununue kwa kampeni yako?

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa waendesha mchezo, wale wanaosimamia michezo ya kuigiza wahusika mezani na kuiendeleza hadithi moja kikao baada ya kikao (ndiyo kampeni), ni yaleyale. Mtu katunga dunia yake mwenyewe, kachora ramani, kaipa miji majina, kafika kwenye miungu akakwama. Akanunua kitabu kinene cha jalada gumu chenye miungu tele, akakisoma hadi usiku wa manane. Vikao vichache baadaye, ukimuuliza mchezaji mhusika wake aliye kasisi anamwabudu nani, anakuna kichwa: "Yule wa jua. Au wa mwanga? Yule mwenye upanga."

Msiwalaumu wachezaji. Wamepewa miungu isiyo na kazi mezani.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitapima ubora wa picha, unene wa karatasi, wala kama kitabu kinaendana na kanuni unazotumia. Hayo yameshaandikwa na wengi, na muuzaji mwenyewe atakueleza hata usipomuuliza. Mimi nafungua ukurasa wa mungu yeyote na kutafuta jambo moja tu: anamkataza nini mfuasi wake? Nisipoliona, kitabu kinashuka daraja, hata kama kimeandikwa na mabingwa.

Vitabu vingi hukueleza habari za mungu: jina, alama, silaha aipendayo, nasaba yake, nani alimuua nani kabla ya dunia kuumbwa. Haya, lakini mungu mwenyewe hatakaa mezani kwenu. Atakayekaa ni mfuasi, na mfuasi hujulikana kwa yale asiyoyafanya. Mchezaji atasahau kwamba mungu wake ni bwana wa radi. Hawezi kusahau kwamba hanywi pombe, maana kila wakiingia kilabuni kuna mtu atamsukumia kikombe. Mwiko unamgharimu kitu, na kile kinachomgharimu mtu ndicho anachokikumbuka.

Sasa orodha yangu. Naweka wazi tangu mwanzo kwamba nina upendeleo, na siuombei radhi.

Namba moja: mfululizo wa Cults of RuneQuest, wa mchezo uitwao RuneQuest, kutoka kampuni ya Chaosium. Juzuu za kwanza za mfululizo huu zilitoka 2023. Ukiweza kununua moja tu, chukua The Lightbringers. Chaosium wamekuwa wakiifanya kazi hii tangu 1979, walipotoa Cults of Prax, na sijaona aliyewafikia. Siri yao ni kwamba hawaandiki kuhusu mungu, wanaandika kuhusu dini yake: nani anaruhusiwa kuingia, anaingia kwa masharti gani, anatakiwa atoe nini, anapandaje ngazi, na nini kitamfukuzisha. Kile cha 1979 kilikwenda mbali zaidi kikaweka ndani yake safari za mfanyabiashara mmoja, Biturian Varosh, anayekutana na waumini wa dini hizo mmoja mmoja njiani, ili uone wanavyoishi.

Mchukue Humakt, mungu wa kifo na wa upanga. Katika kitabu cha mtu mwingine angepewa upanga mweusi na sura ya ukali, basi. Hapa mfuasi wake akifa harudishwi kwenye uhai, hata rafiki zake wawe na mganga wa kuweza kuifanya kazi hiyo. Akitaka kipawa kutoka kwa mungu wake, anapokea na mwiko pamoja nacho, na mwiko huo ni wa maisha. Mmoja anaweza kukatazwa pombe, mwingine akakatazwa kushiriki shambulio la kuvizia. Hebu fikiria kundi lako limejificha vichakani linasubiri msafara wa adui upite, halafu mwenye upanga mkali kuliko wote anasimama katikati ya njia kwa sababu dini yake haimruhusu kujificha. Kikao kizima kimepatikana hapo, na hujaandaa chochote.

Au Lhankor Mhy, mungu wa elimu, ambaye wafuasi wake hufuga ndevu. Wanawake wakiingia katika dini hiyo huvaa ndevu za bandia. Nimewahi kuona meza nzima inakumbuka jambo hili miezi mingi baadaye, wakati hakuna aliyekumbuka jina la mfalme aliyewatuma vitani. Na Chalana Arroy, mungu wa uponyaji: waganga wake wameapa kutodhuru kiumbe na hawali nyama. Mchezaji anayechagua njia hiyo anajua tangu siku ya kwanza kwamba mapigano yote ya kampeni yatampita akiwa ameshika bandeji. Wapo wanaoipenda hali hiyo kuliko upanga.

Kasoro ipo, na ni kubwa. Miungu hii ni ya dunia ya kubuni ya Glorantha, na imefungamana na hadithi zake hasa. Orlanth alimuua Yelm, mfalme wa jua, dunia ikaingia giza, kisha ikabidi ashuke kuzimu akamrudishe. Huwezi kuuondoa mkasa huo ukabaki na Orlanth yuleyule. Kama dunia ni yako mwenyewe, usinunue ili unakili miungu. Nunua ili unakili mpangilio wa ukurasa: vichwa vya habari vilevile, ukijaza miungu yako. Na hata hao niwapendao nina neno nao. Kugawa miungu ya dunia moja juzuu kwa juzuu, dhoruba huku na ardhi kule, ni kumfanya mteja alipe mara nyingi ili aione familia moja. Orlanth na mkewe Ernalda wamewekwa katika vitabu viwili tofauti. Mke na mume!

Namba mbili: vitabu vya miungu vya mchezo wa Pathfinder, wa kampuni ya Paizo. Gods & Magic cha 2020, au Divine Mysteries cha 2024 kilichofuata. Hapa miiko imeandikwa wazi: kila mungu ana orodha fupi ya maagizo na orodha fupi ya makatazo, na kasisi anayezidisha kuyavunja hunyang'anywa nguvu zake. Sarenrae, mungu wa jua na ukombozi, anakataza uongo, na anakataza kumnyima nafasi anayetaka kutubu. Abadar, wa miji na biashara, hataki wizi wala uharamia. Pharasma, wa kuzaliwa na kufa, anakataza kupora makaburi.

Hilo la mwisho lisome tena. Nusu ya visa vya michezo hii ni kupora makaburi! Mchezaji akimchagua Pharasma, mabishano yanaanzia mlangoni hata kabla mtego wa kwanza haujafyatuka. Wenzake watamwambia kwamba kaburi lenye hazina na lisilo na ndugu si kaburi, ni ghala. Yeye atajibu nini? Hapo mwendesha mchezo anakaa kimya, anakunywa chai yake, anasikiliza.

Kinachoniudhi ni ufupi. Mistari miwili mitatu ya makatazo na unapita kwa mungu mwingine. Hujui muumini wa kawaida, yule mkulima asiye na nguvu zozote, anafanya nini mwanawe akizaliwa. Ndiyo maana wako nyuma ya Chaosium. Lakini ukitaka kuanza kucheza wiki hii, hawa ndio wepesi kutumia.

Namba tatu: The Book of the Righteous, wa Green Ronin. Kilitoka mara ya kwanza 2002, na baadaye kikatolewa upya kwa kanuni za toleo la tano la mchezo wa Dungeons & Dragons. Nakiheshimu kwa jambo moja: kilitungwa makusudi ili kiingizwe katika dunia yoyote, na miungu yake yote inatoka kwenye hadithi moja ya uumbaji. Huletewi mchanganyiko wa miungu wasiojuana. Makanisa yameelezwa kwa undani, pamoja na makasisi wake na namna wanavyopangwa. Ila ni kirefu, na mwenye haraka atakiweka rafuni kikae na vumbi.

Namba nne: Mythic Odysseys of Theros, wa Wizards of the Coast, 2020. Miungu 15, iliyotungwa kwa kufuata hadithi za Ugiriki ya kale. Kina kitu kizuri sana kiitwacho ucha Mungu, ambacho ni pointi zinazopanda na kushuka. Kila mungu ana orodha ya yanayozipandisha na yanayozishusha, na ukifika 3, 10, 25 na 50 unapewa zawadi. Kwa nini basi kiko chini? Kwa sababu wachezaji wakishaona pointi wanaanza kuzichuma. Nimeona mtu anajenga vibanda vya ibada kila njia panda ili afike 10 kabla ya vita. Mwiko unageuka hesabu za dukani. Chukua wazo, futa namba, utakuwa na kitu bora kuliko walichokiuza.

Namba tano, na bora nisingeiweka kabisa: Deities & Demigods cha 1980. Najua mnakipenda. Ni cha kihistoria, na picha zake zina mvuto wake. Lakini kinakueleza kwamba Zeus ana pointi 400 za uhai. Nizifanyie nini? Kitabu kinachompa mungu pointi za uhai kimeshakubali kwamba kazi ya mungu ni kupigwa mpaka afe, na wachezaji wako wataupata ujumbe huo haraka sana. Kuhusu muumini anayeamka asubuhi na kwenda shambani, karibu hakuna kitu.

Na hiki ndicho kitabu ambacho wauzaji wa vitu vya zamani wanakifanyia vituko. Nakala za mwanzo zina kurasa 144, kwa sababu ndani yake kulikuwa na sura mbili, ya Cthulhu (kutoka hadithi za H. P. Lovecraft) na ya Melniboné (kutoka hadithi za Michael Moorcock), ambazo zilikuja kuondolewa. Leseni za hadithi hizo walikuwa nazo Chaosium (naam, haohao). Zilizofuata zina kurasa 128. Sasa kila mwenye nakala iliyochakaa anaandika "adimu" kwa herufi kubwa, hata kama ni ile ya kurasa 128 ambayo haina uadimu wowote, kisha anapiga picha ya jalada tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hawa wanatembeza mpaka wanachoka. Kuna mmoja aliyeniandikia kwamba idadi ya kurasa "si muhimu kwa mpenzi wa kweli". Mpenzi wa kweli ndiye anayehesabu kurasa, ndugu yangu.

Halafu kuna suala la nakala za kidijitali. Hakuna karatasi, hakuna usafirishaji, hakuna ghala, na bado wachapishaji fulani wanaitisha bei inayokaribia ya kitabu chenye jalada gumu. Ukinunua kitabu chenyewe, faili hupewi, ununue tena. Wengine hutoa nakala zilizoskaniwa vibaya kiasi kwamba huwezi kutafuta neno ndani yake, na kitabu cha miungu usichoweza kutafuta jina ndani yake katikati ya mchezo hakina faida yoyote.

Wasio na fedha: hati ya kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons, ile ya 5.1, iliachiwa kwa leseni huria Januari 2023, na ina majedwali ya miungu ya Wagiriki, Wamisri, Wakelti na Wanorse. Jina, nyanja, alama, kwisha. Miiko hakuna, ni orodha ya mahudhurio. Afadhali uende kwenye tovuti ya Archives of Nethys, ambako kanuni za Pathfinder ziko wazi bure, na makatazo ya miungu yote yamo. Mchezo wa Dawn of Worlds nao ni wa bure: wachezaji wanakuwa miungu na kuiumba dunia pamoja kwa kurusha dadu. Unafaa kikao cha kwanza.

Ukishikilia kununua kile cha 1980, usitume hela kabla muuzaji hajakupa picha ya ukurasa wa yaliyomo na ya ukurasa wa mwisho wenye namba. Akisema kamera yake imeharibika, ile iliyopiga jalada vizuri namna hiyo, mwache atafute mwingine.