Uzoefu wangu wa kubeti gofu nikiwa Lubumbashi: soko la mshindi ndilo la mwisho ninaloangalia

Hapa Lubumbashi karibu kila kuponi ni ya mpira wa miguu: Mazembe, Lupopo, ligi ya Uingereza, ligi ya Hispania. Gofu imewekwa chini kabisa kwenye orodha ya michezo, na mtu akiifungua mara ya kwanza anakuta majina zaidi ya mia na kote zinazotamanisha (kote ni ile namba ambayo dau lako linazidishwa nayo ukishinda): 15, 41, 101, 251. Anachagua jina alilowahi kulisikia, anaweka faranga zake, na Jumapili usiku kuponi imekufa. Basi anaanza kuwaambia wenzake kwamba gofu ni bahati nasibu. Sikubaliani naye. Kilichomwangusha ni soko alilochagua, yaani aina ya dau, kwa sababu chini ya orodha ile ndefu ya majina kuna masoko mengine ambayo watu wengi hawayafungui kabisa.

Nimetumia sehemu ya gofu kwenye programu mbili za kubeti zinazofanya kazi hapa kwetu. Sizitaji majina, maana ninachotathmini ni masoko yenyewe na jinsi yanavyolipa. Mifano ya kote nitakayotoa ni ya kueleza hesabu tu, isipokuwa nikisema nimeiona.

Kwanza, kwa nini mshindi ni mgumu. Mechi ya mpira ina matokeo matatu. Shindano la gofu la Marekani linaweza kuwa na wachezaji 156, raundi nne za mashimo 18 kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, na anayebaki na mipigo michache kuliko wote ndiye bingwa. Tiger Woods ameshinda mashindano 82 ya PGA Tour, msururu mkuu wa mashindano ya Marekani, rekodi anayoshiriki na Sam Snead, na hata yeye mashindano mengi aliyoyaingia hakuyashinda. Ukimbetia mshindi kila wiki, unaweza kuwa unabeti dhidi ya watu 155 kwa wakati mmoja.

Shindano linaloeleza masoko haya vizuri kuliko yote ni Masters ya mwaka 2011, mojawapo ya mashindano makuu manne ya gofu, kule Augusta, Marekani. Rory McIlroy wa Ireland Kaskazini alianza kwa mipigo 65, akafuata na 69 na 70, na Jumapili asubuhi aliamka akiwa mbele kwa mipigo minne. Siku hiyo akapiga 80, akamaliza nafasi ya 15 pamoja na wengine. Bingwa akawa Charl Schwartzel wa Afrika Kusini, aliyetumia mpigo mmoja pungufu ya kiwango kilichowekwa katika kila moja ya mashimo manne ya mwisho. Aliyembetia McIlroy mshindi alipoteza yote. Aliyembetia kumaliza ndani ya ishirini bora alilipwa. Aliyembetia kuwa kinara wa raundi ya kwanza naye alilipwa, lakini nusu, kwa sababu Álvaro Quirós pia alipiga 65 siku hiyo. Mchezaji yuleyule, wiki ileile, kuponi tatu zenye hatima tatu.

Hiyo nusu ndiyo jambo ambalo ningependa kila anayebeti gofu alielewe kabla ya kuweka hata faranga moja. Kwenye gofu sare ni nyingi mno, na kampuni nyingi zinagawa dau lako kulingana na sare. Turudi 2011. Nafasi ya nne ilikuwa na watu watatu: Tiger Woods, Luke Donald na Geoff Ogilvy. Soko la tano bora lilikuwa limebakiwa na nafasi mbili tu, ya nne na ya tano. Watu watatu, nafasi mbili: dau lako linahesabiwa theluthi mbili. Kama uliweka faranga 10,000 kwa Tiger kwenye kote ya 4.00, hupati 40,000. Unapata 6,667 mara nne, yaani kama 26,670. Nimewaona watu wakigombana na mhudumu wa duka la kubeti wakidai wameibiwa, na hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Kampuni chache hulipa sare kwa ukamilifu, ila kote zao huwa ndogo. Tafuta kifungu hicho kwenye kanuni zao kabla hujaanza kulinganisha kote.

Kwa anayeanza, soko ninalolipendekeza ni ishirini bora. Linamlipa mchezaji imara, yule asiyeonekana sana kwenye televisheni lakini kila wiki anamaliza nafasi ya 9, ya 14, ya 17. Wachezaji wa namna hiyo ni wengi, na soko la mshindi haliwathamini. Kumi bora nalo ni zuri. Tano bora silipendi, kwa sababu huko ndiko mgawanyo wa sare unakouma zaidi.

Kuna pia dau la pande mbili, ingawa si kila programu ya huku inalo. Pesa yako inagawanywa: nusu kwa mchezaji kushinda, nusu kwa kumaliza ndani ya nafasi zilizotajwa, tuseme tano au nane, kwa sehemu ya tano ya kote. Hapo hesabu inawachanganya wengi. Kwenye kote ya 41, sehemu ya tano si 41 kugawa kwa 5. Unatoa kwanza moja, ambayo ni dau lako mwenyewe, unagawa 40 kwa 5 unapata 8, kisha unarudisha ile moja: kote ya nafasi ni 9. Faranga 2,000 zikigawanywa, mchezaji wako akawa wa tatu peke yake, unapokea 9,000.

Soko ninalolipenda mimi ni la ana kwa ana. Kampuni inakupa wachezaji wawili, unachagua nani atamshinda mwenzake, kwa raundi moja au kwa shindano zima. Watu wengine wote hawakuhusu. Kwa shindano zima, kawaida mmoja akikosa mchujo, yaani akiondolewa baada ya raundi mbili, na mwenzake akapita, aliyepita ndiye mshindi. Wakikosa wote, inaangaliwa mipigo ya raundi mbili za kwanza. Hapa maarifa yako yana nafasi ya kuonekana: nani anapiga mbali kwenye uwanja mrefu, nani amesafiri mabara mawili wiki hii, nani ametoka kuumwa mgongo.

Watatu watatu ni ndugu yake wa karibu. Alhamisi na Ijumaa wachezaji hutoka kwa makundi ya watu watatu, na wewe unachagua atakayepiga mipigo michache siku hiyo. Kuponi inaamuliwa siku hiyohiyo. Ila piga hesabu ya faida ya kampuni: gawa 100 kwa kila kote, kisha jumlisha. Kwa kote za 2.40, 2.75 na 3.10 utapata kama 110. Kinachozidi 100 ndiyo faida wanayojiwekea. Kwa ana kwa ana yenye 1.90 na 1.90 unapata kama 105. Kwenye soko la mshindi, nimejumlisha orodha nzima ya majina na kuona inavuka 130. Ukishaona namba hizo hutahitaji mtu wa kukushauri.

Mchujo ni soko linaloonekana rahisi. Baada ya raundi mbili, baadhi wanaendelea na waliobaki wanarudi nyumbani. Lakini idadi hutofautiana. Wiki za kawaida za PGA Tour wanapita 65 bora na waliofungana nao. Kwenye yale makuu manne ni hivi: Masters 50, US Open 60, The Open 70 na PGA Championship 70. Masters hualika wachezaji wachache, mara nyingi hawafiki mia, kwa hiyo kupita huko ni rahisi kuliko 50 inavyosikika. Mashindano mengine makubwa ya wachezaji wachache hayana mchujo kabisa. Tiger aliwahi kupita mchujo mara 142 mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2005, na ndiyo maana watu wanaamini majina makubwa hayaanguki. Kisha wanaunganisha watano kwenye kuponi moja, kila mmoja kwa 1.25, wanapata kote ya 3.05. Hata kama kila mmoja ana nafasi ya 80 kwa mia, wote watano kupita pamoja ni kama 33 kwa mia tu. Mchujo ubeti mmoja mmoja, au uache.

Kuhusu kinara wa raundi ya kwanza, nilifunguliwa macho na jirani yangu wa mtaa wa Golf, mtu mzima aliyebeba mifuko ya wachezaji kwenye uwanja wa hapa kwa miaka mingi. Nilimuuliza, "Yaya (kaka mkubwa), kwa nini wanaoongoza Alhamisi wengi wametoka asubuhi?" Akanijibu, "Mdogo wangu, asubuhi majani karibu na shimo hayajakanyagwa, na upepo haujaamka. Anayetoka mchana anacheza uwanja mwingine." Tangu hapo siangalii jina kabla ya kuangalia saa ya kuanza. The Open, kwenye viwanja vya pwani ya bahari kule Uingereza, ndiyo inayoonyesha jambo hili wazi zaidi. Nusu ya wachezaji hucheza Alhamisi asubuhi na Ijumaa mchana, nusu nyingine kinyume chake. Upepo ukiwa mkali kipindi kimoja, nusu nzima ya orodha inaumia bila kosa lolote. Utabiri wa hali ya hewa unausoma bure kwenye simu, na ratiba ya kuanza hutolewa mapema. Kazi hiyo ni ya dakika chache na inalipa.

Yapo masoko ya kufurahia tu. Je, kutakuwa na mpira utakaoingia shimoni kwa mpigo mmoja? Katika raundi ya mwisho ya Masters 2016, shimo la 16 pekee lilitoa matatu: Shane Lowry, Davis Love III na Louis Oosthuizen, ambaye mpira wake uligonga kwanza mpira wa J.B. Holmes ndipo ukaingia. Je, mshindi atapatikana kwa mashimo ya ziada? Mwaka 2025 McIlroy alipata ile Masters aliyoikosa 2011 kwa njia hiyohiyo, akimshinda Justin Rose kwenye shimo la kwanza la ziada. Je, tofauti itakuwa ya mipigo mingapi? McIlroy huyohuyo alishinda US Open ya 2011 kwa mipigo minane, miezi miwili tu baada ya ile 80. Masoko haya ninayawekea pesa ya soda.

Soko la mchezaji bora wa nchi fulani halitazamwi inavyostahili, hasa la Afrika Kusini. Wachezaji wa huko tunawafuatilia, tunawajua, na kundi ni dogo. Kenya Open nayo imo kwenye msururu wa mashindano ya Ulaya tangu 2019, na Nairobi wako mbele yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo unaifuatilia mchana ukiwa macho. Augusta iko nyuma yetu kwa saa sita mwezi wa nne. Jumapili ya Masters inamalizikia kwetu kama saa saba usiku, na umeme ukikatika unabaki na simu yenye chaji nusu.

Sasa kasoro za programu zenyewe. Moja ilikuwa inaficha kanuni za gofu ndani ya hati ndefu ya Kifaransa, na nilipomwandikia mhudumu kuuliza kuhusu sare, alinijibu kwa maneno ya mpira wa miguu. Nyingine ilifunga soko la watatu watatu mapema mno, kabla ya saa za kuanza kuthibitishwa. Kubeti moja kwa moja mchezo ukiendelea sikushauri kwa intaneti yetu: matokeo unayoyaona wewe yamechelewa, kampuni ina yake ya haraka zaidi. Kuweka na kutoa pesa kwa simu hakujawahi kunisumbua kwenye zote mbili.

Jambo la mchezaji kujitoa nalo lisikupite. Kwa kawaida akijitoa kabla ya kupiga mpira wa kwanza, unarudishiwa dau. Akiumia baada ya shimo la kwanza, dau la mshindi limepotea. Kwa hiyo habari za majeraha zisome Jumatano usiku, wala si Ijumaa.

Hizi ni pesa za kupotea. Ninazitenga mwanzo wa mwezi baada ya kodi ya nyumba na karo ya watoto, na zikiisha ninaangalia gofu bila kuponi. Asiyeweza kufanya hivyo asiifungue kabisa sehemu hii, na aliye chini ya miaka 18 haimhusu.

Tathmini yangu: ana kwa ana nyota tano, ishirini bora nne na nusu, watatu watatu nne, kinara wa raundi ya kwanza tatu kwa anayesoma upepo na moja kwa asiyesoma, mchujo mbili, mshindi mbili. Kwa uwazi wa kanuni, programu zote mbili zinapata nyota moja na nusu, na zitabaki hapo hadi ziweke sheria ya sare kwenye ukurasa uleule wa kote, kwa Kiswahili.