Buli la Tokoname kwa chai ya sencha: uzoefu wangu

Hili ni kyusu, buli dogo la Kijapani lenye mkono ubavuni, la udongo mwekundu wa Tokoname, mji wa wafinyanzi mkoani Aichi. Linachukua mililita 270, halina glezi, yaani ule mpako wa kung'aa kama kioo, ndani wala nje, na chujio lake ni la udongo uleule. Nalitumia kwa sencha pekee, chai ya kijani ambayo majani yake hupigwa mvuke mara tu yanapochumwa, yakasokotwa na kukaushwa.

Kifuniko ndicho cha kupima kwanza. Jaza maji, anza kumimina, kisha ziba kwa kidole kile kitundu cha juu. Kilichosuguliwa kikakaa sawasawa hukata maji papo hapo, na hiki kinakata. Kilicholegea huchuruzisha chai ukingoni pale unapoliinamisha buli kabisa, na kwa sencha lazima uliinamishe kabisa.

Chujio ndilo lililonifanya nilipende. Ni ukuta mpana wa vitundu vidogo sana nyuma ya mdomo, si vitundu vitatu vinne vikubwa. Hata hivyo lina mpaka wake. Sencha ya kawaida, yenye majani marefu kama sindano, humiminika bila shida. Fukamushi, ile iliyopigwa mvuke kwa muda mrefu zaidi, ina majani yaliyovunjikavunjika hadi kuwa kama vumbi. Huziba vitundu, mmimino ukawa matone, na chai inayosubiri ndani ikazidi kuwa chungu. Mnywaji wa fukamushi achague buli lenye wavu wa chuma uliozunguka ndani.

Kipimo changu ni gramu 4 za majani kwa mililita 180 za maji ya nyuzi 75 hivi. Kama huna kipimajoto, mimina maji yaliyochemka kikombeni, kutoka kikombeni uyatie kwenye chombo kingine, ndipo yaende kwenye buli. Kila uhamishapo, joto hupungua karibu nyuzi 10. Funika, ngoja sekunde 60, wala usilitikise. Maji yanayotokota ndiyo kosa kubwa la sisi tuliozoea chai ya kuchemshwa sufuriani: hutoa katekini, kemikali za ukakasi zilizomo kwenye majani, kwa kasi na kuacha ukakasi mkali ulimini, ilhali theanini, kemikali nyingine ya majani inayoleta ule utamu mzito kama wa mchuzi, hutoka hata kwenye maji ya uvuguvugu.

Kumimina nako kuna utaratibu. Tia kidogo kidogo kwa zamu, kikombe cha kwanza, cha pili, kisha urudi nyuma, ili vyote vilingane ukali. Endelea mpaka tone la mwisho. Tikisa kiganja mara mbili tatu likatike. Maji yakibaki chini, majani huendelea kuloweka na mkupuo wa pili, yaani chai ya pili kutoka majani yaleyale, huharibika. Kisha sogeza kifuniko kidogo mvuke utoke. Mkupuo wa pili ni maji ya moto zaidi, nyuzi 80 au 85, sekunde 10 tu, maana majani tayari yamefunguka.

Buli lilifika na kijibomba laini cha plastiki kwenye ncha ya mdomo. Kipo kulinda mdomo usivunjike njiani, kivue. Kikibaki hushika unyevu na ukungu, na chai hudondoka pembeni badala ya kukatika vizuri.

Kuosha ni maji ya moto bila sabuni, kwa sababu udongo usio na glezi hunyonya harufu. Punje zilizong'ang'ania kwenye chujio huzitoa kwa kuelekeza maji ya bomba mdomoni yarudi ndani. Lianike likiwa wazi.

Malalamiko mawili. Mkono uko kulia tu, kwa hiyo mwenye kutumia kushoto aulizie lililogeuzwa, yapo. Na vikombe viwili vidogo ndio mwisho wake, basi kwa wageni wanne au kwa hojicha, chai ya kijani iliyokaangwa, ya maji yanayochemka, natumia buli kubwa la kaure.