Foklifti ya Umeme au ya Dizeli: Tathmini kutoka Ghala la Alizeti, Dodoma

Katika ghala letu la mafuta na mashudu ya alizeti hapa Dodoma zipo foklifti (mashine za kunyanyulia mizigo) mbili, kila moja yenye uwezo wa kunyanyua tani mbili na nusu, moja ya dizeli na nyingine ya umeme, zote mitumba kutoka Japani. Wanaoniuliza ipi inafaa huanza na bei ya mafuta. Mimi huanza na sakafu.

Ndani, juu ya zege laini, ya umeme haina mpinzani. Haina moshi wala masizi, na mnunuzi wa bidhaa za chakula akipitisha kidole juu ya gunia hujua mara moja ghala lipi linaendesha dizeli ndani. Nje ni habari nyingine: uwanja wetu ni wa changarawe, na mvua za Januari zikishaulainisha, foklifti ya umeme yenye tairi ndogo ngumu hukwama pale ambapo ile ya dizeli, yenye tairi kubwa za upepo, hupita bila shida.

Jambo linaloamua zaidi ni betri. Betri ya risasi na asidi huchajiwa kwa takriban saa nane, kisha huachwa ipoe, hivyo inatosheleza shifti moja; msimu wa mavuno, malori yanapoendelea kuingia hadi usiku, dizeli hujazwa kwa dakika chache na kazi ikaendelea. Betri ya lithiamu huongezwa chaji hata wakati wa chakula cha mchana, ila bei yake si ya kila mfanyabiashara. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi foklifti husimama, labda uwe na jenereta.

Matunzo nayo yana masharti. Maji ya betri huongezwa baada ya kuchaji, si kabla, maana kimiminika hupanda wakati wa kuchaji na asidi ikamwagika juu ya vifuniko. Mahali pa kuchajia pawe na hewa ya kutosha, kwa sababu betri hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu.

Kwa anayenunua mtumba wa umeme, namshauri asome kibati cha mashine na kulinganisha uzito wa betri ulioandikwa humo na wa betri iliyofungwa. Betri hiyo ndiyo sehemu ya uzani unaozuia foklifti isibinuke mbele, na muuzaji akiweka nyepesi, zile tani mbili na nusu hubaki kwenye kibati tu.