Amplifaya za gitaa zenye majina ya zamani: ipi inaifaa Mombasa

Majina yaliyovuma miaka ya 1960 yamerudi sokoni. Vox ilianzia Dartford, Uingereza, chini ya Tom Jennings, na tangu 1992 ni mali ya Korg ya Japani. Supro ilikuwa ya kiwanda cha Valco cha Chicago kilichofunga 1968, kisha jina likafufuliwa na watu wengine kabisa miaka ya 2010. Orange ya London, iliyoanzishwa na Cliff Cooper mwaka 1968, ilipitia mikono mingine kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo nembo ya mbele haikwambii mengi. Geuza amplifaya, usome kibati cha nyuma.

Kibatini tafuta volti kwanza. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Ya Uingereza huja tayari, hata plagi yake ya miguu mitatu ni hii hii yetu. Ya Marekani ni volti 120 na ya Japani ni 100. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, salama yako ni fyuzi kukatika. Isipokatika, transfoma na kapasita (vijisehemu vinavyohifadhi umeme) zinaungua.

Jambo la pili ni kazi yenyewe. Gitaa la bango na chakacha, muziki wa Pwani, linataka sauti safi inayokaa safi hata mpiga ngoma akipandisha mori. Mpangilio wa hapa chini umezingatia hilo, pamoja na chumvi ya bahari na umeme unaopotea na kurudi kwa kishindo.

1. Orange Crush 35RT

Ni ya transista (vijisehemu vidogo vinavyokuza sauti): wati 35, spika ya inchi 10, riveb (mwangwi) na tyuna (ya kupatanishia nyuzi) zimo ndani. Wapenzi wa vali, zile taa za kioo zinazokuza sauti, watanuna, lakini hii ndiyo ya kwanza kwa mtu anayepiga hotelini Bamburi Ijumaa na kanisani Jumapili. Haina vali za kuchakaa, ni nyepesi kubeba kwenye tuktuk, na fundi redio anayeelewa amplifaya za transista ataimudu. Chaneli yake ya sauti safi haikwaruzi upesi. Ukumbi ukiwa mkubwa usiikamue. Weka maiki vidole vinne kutoka kitambaa cha spika, pembeni kidogo ya katikati, uachie mixa kazi iliyobaki.

Inapougua, mara nyingi ni jeki ya kuingizia gitaa iliyolegea au kuota kutu ya kijani. Dalili ni sauti kukatika ukitikisa waya. Jaribu waya mwingine kabla ya kumwita fundi.

2. Vox AC15C1, mtumba kutoka Uingereza

Hii ndiyo yenye ile sauti inayometameta ya Vox. Ina vali tatu za 12AX7 (fundi wengine huziita ECC83, ni kitu kile kile), mbili za EL84, spika moja ya Celestion ya inchi 12, riveb na tremolo (sauti inayopanda na kushuka). Uzito wake ni kama kilo 22, kwa hiyo mpango wa bodaboda usahau. Usitarajie waya zilizofungwa kwa mkono kama za miaka ya 1960. Hii hutengenezwa kwa bodi ya saketi, na kwa bei yake hilo si kosa.

Wati 15 za vali zina nguvu kuliko namba inavyoonyesha, ila ukishindana na ngoma sauti itaanza kukwaruza. Wa roki watafurahi. Wa bango atalazimika kuishusha na kutumia maiki.

Ukienda kuikagua, beba gitaa lako na waya unaouamini. Washa, acha vali zipate moto dakika moja, kisha ondoa standibai (swichi ya kungojea). Pandisha sauti bila kuchomeka gitaa: sauti nyepesi ya “shhh” kama ya mvua ya mbali ni kawaida, lakini mvumo mzito usiobadilika ni dalili ya kapasita za kuchuja umeme zilizochoka. Zungusha kila kitufe. Kikikwaruza ni uchafu tu, dawa ya kusafishia kontakti inatosha. Usipulizie mafuta ya bawaba, yanabaki na kukusanya vumbi. Gonga kila vali polepole kwa penseli. Inayolia kama kengele kwenye spika imechoka. Piga waya mnene wa chini kwa nguvu: spika ikichakarika, koili inasugua au koni imepasuka.

Halafu piga dakika 20 mfululizo, na hapa muuzaji asikuharakishe. Kwa kuwa soketi za vali ziko kwenye bodi, joto hulegeza lehemu ya miguu yake, na ubovu huo hauonekani amplifaya ikiwa baridi. Ikianza kupasuka-pasuka baada ya robo saa, ni kazi ya kurudishia lehemu, si ya kuitupa, shusha bei. Bati la ndani ya EL84 likiwa jekundu kama kaa, zima mara moja.

Vali mpya zinapatikana, za kampuni ya JJ ya Slovakia kwa mfano, ila ni za kuagiza. Nunua EL84 mbili zilizolinganishwa pamoja na 12AX7 moja ya akiba. Hakuna marekebisho ya bayasi (kupanga mkondo wa umeme wa vali), unachomoa na kuchomeka. Na kamwe usiiwashe spika ikiwa imechomolewa. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, nayo ni ghali kuliko vali zote.

3. Vox Pathfinder 10

Wati 10, transista, spika ndogo ya inchi 6.5. Ni ya chumbani Mji wa Kale, jirani asije akabisha hodi. Jukwaani haifai.

4. Supro Delta King 10

Ni nzuri, ya wati 5, vali moja ya 6V6 na moja ya 12AX7. Shida ni kwamba shangazi akikutumia kutoka Marekani itakuja ya volti 120. Nunua transfoma halisi ya kushusha umeme, ile nzito ya chuma, ya VA 200 (kipimo cha uwezo wake) au zaidi. Vile vigeuzi vyepesi vya wasafiri, vya mashine za kukaushia nywele, haviifai. Kumbuka pia forodha hukokotoa ushuru kwa bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 16 inafuata.

5. Ile ya kale yenyewe

Mtu akikuletea ya miaka ya 1960 kweli, hesabu kapasita zote za kuchuja ni za kubadilisha. Za Marekani nyingi zina waya wa miguu miwili na kapasita inayounganisha kiunzi cha chuma cha amplifaya na umeme wa ukutani. Ikifa, chuma chote, hadi nyuzi za gitaa, kinapata umeme. Itolewe na uwekwe waya wa miguu mitatu wenye ethi (wa kupeleka umeme ardhini). Ndani mnabaki volti 300 na zaidi hata baada ya kuchomoa. Fundi azimwage kwa rizista ya kiloomu 100, wati 5, angoje dakika moja, apime kwa mita kabla ya kugusa.

Na ile spika ya Bluetooth yenye nembo ya Marshall, jina jingine maarufu la amplifaya za gitaa, inayouzwa kama “amplifaya” si ya gitaa. Ni ya kusikilizia muziki.

Yoyote utakayochukua, iwekee kile kifaa cha kulindia friji kinachochelewesha umeme ukirudi. Usiiweke sakafuni, wala nyuma yake isigusane na ukuta. Msimu wa masika iwashe nusu saa kila wiki ikauke, kisha ifunike kwa kitambaa cha pamba ikishapoa. Nailoni inafungia unyevu ndani.