Wiki 8 za Kujifunza Utulivu Kazini: Tathmini ya Mafunzo Niliyoyamaliza

Nilijiandikisha katika mafunzo haya ya mtandaoni, ambayo yanaahidi kumsaidia mfanyakazi kutulia na kujiamini pale mambo ya kazini yanapokwenda mrama, wakati mambo yangu yalikuwa yamekwenda mrama kwelikweli. Idara yetu ilikuwa imeunganishwa na nyingine, kazi za wenzangu wawili walioondoka zikawekwa mezani kwangu, na katika ripoti ya robo mwaka nilikosea jumla moja ambayo ilisomwa mbele ya kikao kizima kabla sijaing'amua. Kwa majuma kadhaa baada ya hapo, kila barua pepe iliyotoka kwa msimamizi wangu ilinikaza tumbo hata kabla sijaifungua. Naeleza haya ili msomaji ajue kwamba sikuyapima mafunzo haya nikiwa nimestarehe kivulini.

Kila wiki kuna somo moja la video la takribani dakika 40, zoezi la kila siku lisilozidi dakika 10, na daftari la kujaza. Kila baada ya wiki mbili kuna kikao cha moja kwa moja na mkufunzi. Mpangilio wa wiki 8 umeazimwa kutoka katika programu ya kupunguza msongo ambayo Jon Kabat-Zinn aliianzisha mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, na waandaaji wanakiri hivyo waziwazi, jambo ambalo nililipenda, kwa kuwa soko la utulivu limejaa watu wanaouza mambo ya zamani kana kwamba wameyavumbua jana.

Wiki mbili za kwanza ndizo bora kuliko zote. Zinaanza na mwili, na hapo ndipo hofu ya kazini huanzia. Mkufunzi anaeleza kwa utaratibu jambo ambalo mwanafiziolojia Mmarekani Walter Cannon alilieleza mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba mwili unapohisi hatari humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio na misuli ikakaza ili mtu apigane au akimbie, kisha anaonyesha kwamba mwili huohuo hufanya vivyo hivyo hata pale hatari yenyewe inapokuwa ni kuitwa ofisini bila kuambiwa sababu. Kwa kawaida moyo huongeza kasi kidogo tunapovuta pumzi na hupunguza tunapoitoa, kwa sababu wakati wa kutoa pumzi neva ya vagasi, yaani mshipa wa fahamu unaotoka ubongoni hadi moyoni, hupata nafasi ya kuutuliza. Kwa hiyo anayeitoa pumzi polepole kuliko alivyoivuta anaushika moyo wake kwa mpini ambao hakujua kuwa anao. Zoezi lenyewe ni la kuvuta pumzi kwa pua, kuongeza mvuto mwingine mfupi juu ya ule wa kwanza, kisha kuitoa yote kwa mdomo taratibu, kwa muda wa dakika 5. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023 utafiti kuhusu zoezi la namna hii lililofanywa kila siku kwa mwezi mmoja, na waliolifanya waliripoti kujisikia vizuri zaidi ya wale waliofanya tahajudi, yaani kukaa kimya na kuzingatia pumzi bila kuiongoza.

Hata hivyo nina lawama moja. Siku ya kwanza nilivuta hewa kwa pupa, nikapata kizunguzungu na vidole vikaanza kufa ganzi. Hilo hutokea mtu anapopumua kwa nguvu kupita kiasi na kuipunguza kaboni dioksidi katika damu, na video haikutoa onyo lolote. Mkufunzi alinisahihisha katika kikao cha moja kwa moja kwa sentensi moja tu: usijaze kifua, refusha kutoa. Sentensi hiyo ilipaswa kuwa katika dakika ya kwanza ya somo la kwanza, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi akipatwa na kizunguzungu siku ya kwanza hatarudi siku ya pili.

Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 5 somo ni kujiamini, na msingi wake ni Albert Bandura, mwanasaikolojia ambaye mwaka 1977 alieleza imani ya mtu juu ya uwezo wake wa kutenda jambo fulani na akataja mahali inapotoka: katika mambo ambayo mtu amewahi kuyafanya akafaulu, katika kuwaona watu wanaofanana naye wakifaulu, katika maneno ya kutiwa moyo, na katika namna anavyoitafsiri hali ya mwili wake. Chanzo cha kwanza ndicho chenye nguvu zaidi, na daftari la mafunzo limejengwa juu yake. Kila jioni unaandika kazi iliyokuwa ngumu siku hiyo, hatua uliyoichukua wewe mwenyewe, na ushahidi kwamba hatua hiyo ilizaa kitu. Unakatazwa kuandika sifa. Huruhusiwi kuandika kwamba wewe ni hodari. Unaandika kwamba uliongea na mteja aliyekuwa akifoka na akakubali kusubiri hadi kesho yake.

Mwanzoni niliona zoezi hilo ni la kitoto. Wiki ya 4 tulitakiwa kurudi nyuma na kuhesabu, nami nikakuta kwamba kabla ya ile ripoti yenye kosa nilikuwa nimeandaa ripoti 11 zisizo na dosari, na kwamba kosa lenyewe ni mimi niliyeligundua na kulitangaza siku ileile, ilhali akilini mwangu kisa kizima kilikuwa kimebaki sentensi moja, kwamba sifai. Hakuna aliyenibembeleza, niliona hesabu. Hiki ndicho kitu ambacho ningekilipia tena.

Chanzo cha pili, cha kuwaona wengine, mafunzo yamekiharibu. Video zinatuonyesha wakurugenzi wenye suti wakisimulia jinsi walivyovuka misukosuko, wakati Bandura mwenyewe alisisitiza kwamba mfano humjenga mtu pale anayetazamwa anapofanana na anayetazama. Karani aliyelemewa na mafaili hapati nguvu kwa kumwona mkurugenzi. Mimi nilizipata kwa mwenzangu wa meza ya jirani ambaye, nilipomweleza yaliyonikuta, alinionyesha barua ya onyo aliyowahi kupewa kwa kosa kubwa kuliko langu, naye bado yupo na anaheshimika.

Wiki ya 6 ningeshauri irukwe. Inamtaka mtu asimame mbele ya kioo kila asubuhi na kutamka kwamba yeye ni jasiri, ana thamani na anaweza kila kitu. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake walionyesha kwamba kurudia kauli za kujisifu namna hii kunaweza kuwafanya watu wasiojithamini wajisikie vibaya zaidi, kwa kuwa moyo hujibu kila kauli kwa pingamizi, na ndivyo ilivyokuwa kwangu: nilisema ninaweza, sauti ya ndani ikauliza, na ile jumla je? Lenye manufaa katika wiki hiyo limepewa dakika tatu tu mwishoni, nalo ni utafiti wa Alison Wood Brooks wa mwaka 2014, ambao uligundua kwamba watu walioambiwa wauite wasiwasi wao msisimko, kwa kusema tu kwamba wamechangamka, walihutubia vizuri kuliko walioambiwa watulie. Hapo pana funzo zito, kwamba si kila tetemeko linahitaji kuzimwa, lakini video inakatika na muziki wa filimbi unaanza.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kwa sehemu ndefu mafunzo yanazungumza kana kwamba tatizo zima limo kifuani mwa mfanyakazi. Mtafiti wa mazingira ya kazi Robert Karasek alieleza mwaka 1979 kwamba kazi inayomchosha mtu zaidi ni ile yenye madai mengi huku mwenyewe akiwa na usemi mdogo juu ya namna ya kuifanya, na Shirika la Afya Duniani, lilipouweka uchovu wa kazi katika uainishaji wake wa magonjwa mwaka 2019, liliuita tukio la kikazi na halikuuita ugonjwa. Katika daftari lenye kurasa zaidi ya 100, ukurasa mmoja tu unahusu kuzungumza na msimamizi. Ajabu ni kwamba ukurasa huo ndio ulionipunguzia mzigo: unashauri uorodheshe kazi zote ulizonazo, umpelekee msimamizi, na umwombe achague ni zipi tatu zitangulie na ni ipi isubiri. Msimamizi wangu aliisoma orodha kimya, akaondoa kazi mbili ambazo hakuwa anajua kwamba ninazo.

Katika kikao cha tatu mshiriki mmoja aliuliza afanye nini, kwa kuwa mkubwa wake humtukana mbele ya wateja. Mkufunzi alimjibu kwamba hatuwezi kuchagua ya wengine ila tunaweza kuchagua namna ya kuyapokea. Sikuridhika na jibu hilo. Matusi na unyanyasaji kazini ni suala la haki, na ndiyo maana Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190 mwaka 2019. Mtu wa namna hiyo anahitaji kuandika tarehe na mashahidi na kupeleka malalamiko, na kupumua kutamsaidia tu asitetemeke sauti anapoyawasilisha.

Kuhusu huduma sina mengi. Barua zangu zilijibiwa ndani ya siku mbili. Programu ya simu hutuma vikumbusho ovyo, na kimoja kilinilia katikati ya kikao kikiuliza iwapo nimetulia. Mwenye kulipiwa na mwajiri aulize mapema ni taarifa zipi zinazopelekwa kwa mwajiri huyo. Niliambiwa kwamba hupelekewa idadi ya waliohudhuria tu, bila majina wala yaliyoandikwa daftarini.

Kwa aliyelemewa lakini bado analala na kula, wiki 5 za kwanza pamoja na ule ukurasa wa msimamizi zinatosha, na wiki ya 7 na ya 8 ni marudio matupu. Aliyekosa usingizi kwa majuma, au aliyeanza kuona maisha hayana maana, aende kwa daktari au mshauri nasaha kwanza, kwani mafunzo haya hayakuundwa kwa ajili ya hali hiyo, ingawa tangazo lake halisemi hivyo. Mimi programu ya simu nimeifuta. Daftari lingali mezani, na ripoti ya robo mwaka iliyofuata niliisoma mwenyewe mbele ya kikao, mikono ikitetemeka kidogo, jumla zikiwa zimehakikiwa mara mbili.